Kipimo cha Pumba

Duka la kwanza Mwanjelwa, siti zimetundikwa ukutani
nyekundu, za mistari, moja ina chui
aliyeshonwa vibaya, jicho limehamia shavuni.
Muuzaji anabonyeza kwa dole gumba:
"Ona inavyozama, bosi. Mkate wa maziwa huu."
Nikaikalia. Kweli, mkate.
Dakika mbili tu, mkono ukaanza kutafuta pesa.

Lakini matako yangu yana kumbukumbu.
Yanaikumbuka siti laini ya mwaka juzi
iliyonibembeleza toka Uyole mpaka Isyonje,
na tulipoanza kuipanda Kitulo,
ukungu mzito, taa haioni hata tairi lake,
ikaanza kudai.
Ulaini huisha. Kilomita ya sitini
umekalia bati,
na bati halina pole.

Nikavuka barabara kwa fundi Ambilikile.
Hana duka. Ana mwavuli, cherehani ya mguu,
kisu cha kukatia sponji
na gunia la pumba za mpunga kutoka Ubaruku.
"Kaa," akasema. Nikadhani ananikaribisha.
"Kaa kama uko safarini. Usijibane."
Kisha: "Simama."
Tukainama wote wawili kutazama
vishimo viwili kwenye pumba,
kimoja kimezama kuliko mwenzake.
"Unaegemea kushoto. Una deni au una mgongo?"
Nikamwambia, vyote.

"Anayekaa ni mfupa," akasema. "Nyama inasindikiza tu.
Chini nitaweka sponji ngumu, hii, ipige ngumi.
Laini itakuja juu, kidogo, kama chumvi.
Nyuma pana. Mapajani nipunguze,
mguu ufike chini ukikwama kwenye tope.
Na mshono sipitishi katikati:
utaukalia kutwa nzima kama neno baya."
Elfu themanini. Tukavutana mpaka sabini.

Akachora. Halafu, chaki mdomoni:
"Na wa nyuma?"
Hakuna wa nyuma, nikasema.
Cherehani ya jirani ikashona, ikanyamaza.
Nikasema, mama.

Kila mwezi nampitia Isyonje, nampeleka Ikonda kwa ajili ya presha.
Anakaa upande, kanga mbili na blanketi,
mkono mmoja kiunoni kwangu, mwingine umeshika cheti.
Nikimuuliza kwa sauti, huko nyuma vipi,
anajibu, raha, mwanangu, endesha.
Tukifika anashuka, anaufuata ukuta
penye tangazo lenye picha ya sindano,
anaweka kiganja, anasoma.
Anasoma polepole, mstari kwa mstari,
nami nangoja na kofia mkononi,
mwaka mzima nangoja amalize kusoma.
Mama hakwenda shule.

Fundi akaitoa chaki mdomoni.
Akazisawazisha pumba kwa ubao.
"Mlete Jumamosi."

Akaja Jumamosi, na maparachichi matano ya kumpa fundi.
"Mnapima nini," akauliza, "mbolea?"
Akakaa upande, kama anavyokaa siku zote.
Alipoinuka kulikuwa na shimo moja,
dogo, la pembeni,
kama kuku aliyeoga vumbi akaenda zake.
Nilijua ni mwembamba. Sikujua kiasi hicho.
Ambilikile akalipima kwa vidole, mara mbili,
akakata sponji nyingine, akaongeza na chuma cha kukanyagia,
na hakutaja bei.

Leo Ikonda.
Kitulo ilikuwa na mvua, nyuma tulisimama mara moja tu
nikaze kamba ya mzigo.
Siti mpya inalia kidogo kwenye kona, ngozi haijazoea.
Siyo mkate. Ukiibonyeza dukani usingeinunua.
Mama ameshuka, ameufuata ukuta uleule,
mikono nyuma, hakuushika.
Amelitazama tangazo, akanigeukia:
"Hivi hapa pameandikwa nini?"
Nikamsomea: chanjo ya surua,
watoto wote wa chini ya miaka mitano.
"Ahaa," akasema. "Nilidhani ni bei."